Mtandio Wanisitiri Njiani, Nyumbani Je?

*Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 34, naishi Tiwi. Nasukwa tangu niko darasa la tatu, na msusi wangu mkono wake ni chuma: nikitoka kwake kichwa chaniwanga siku mbili na macho yamevutika. Sasa panja zimerudi nyuma, na utosini pamebaki ngozi tupu inayong'aa, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Pakiguswa panachonyota. Tangu nijifungue huyu wa mwisho, miezi mitano sasa, hata zile zilizosalia zatoka na chanuo.*

*Nikilalamika naambiwa, "Si una mtandio?" Lakini mtandio ni wa njiani. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, na siku ya wanawake sote huvua mabuibui. Mume wangu anafanya kazi Mombasa, hurudi Ijumaa. Tangu nijifungue nalala na kilemba, namwambia nahisi baridi. Nataka kununua wigi. Dadangu mkubwa asema kuunganisha nywele ni laana. Mke wa kakangu asema nisipoteze pesa, nipake piko pale utosini pawe peusi. Nimsikilize nani?*

*Mwenye Mtandio, Tiwi*

Mwanangu,

Baridi, Tiwi! Kusi ikivuma mwezi wa Julai mtu aweza kukuamini usiku mmoja. Miezi mitano haiaminiki hata na mtoto. Hilo la mume tutalirudia, maana ndilo lililonifanya niichague barua yako miongoni mwa nyingine.

Kwanza niwajibu hao wa "si una mtandio". Hawajafikiri. Kwetu pwani nywele za mwanamke si za barabarani, ni za ndani. Ndani ndiko zinakofukizwa udi, ndiko zinakotiwa asumini, ndiko mama mkwe anakozitupia jicho la pembeni na mawifi wanakozisifu au kuzisengenya. Mwanamke wa Nairobi akipata kipara huumbuka mbele ya watu baki. Wewe watu baki hawakuoni. Unaumbuka mbele ya wale wale unaoishi nao. Kwa hiyo usione haya kutaka wigi. Uingereza hospitali za serikali huwapatia wigi wagonjwa wa saratani na watu walionyonyoka nywele, kama anavyopewa miwani asiyeona vizuri. Si usodai.

La piko nakujibu kwa neno moja: usithubutu. Hina ya majani haina neno, ila haitakupa weusi unaoutaka. Piko ni kitu kingine. Weusi wake mara nyingi ni rangi ya nywele ya dukani yenye kemikali iitwayo PPD, na ngozi za watu wengi hazipatani nayo. Bila shaka umewaona mabibi harusi walioamka na mikono imevimba, malengelenge yakifuata ua baada ya ua jinsi lilivyochorwa. Hiyo ni ngozi nzima ya mkono. Wewe unataka kuiweka juu ya ngozi ambayo tayari inachonyota.

Na kuchonyota huko ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko kipara chenyewe. Soma hapa polepole, kwa sababu naona kichwani mwako huenda mna mambo matatu tofauti na wewe umeyafunga furushi moja.

La kwanza ni hizo zinazotoka na chanuo. Mama aliyejifungua hupukutika nywele kuanzia kama mwezi wa tatu, kichwa kizima, bila kuacha kiraka. Wakati wa mimba nywele zilikataa kuanguka kwa wakati wake. Sasa zinalipa deni kwa pamoja. Hili huisha lenyewe, na kwa wengi, kabla mtoto hajatimiza mwaka zimeshajaa tena. Lakini upungufu wa damu nao hupukutisha, na tezi ya shingoni ikiharibika vile vile, na mama anayenyonyesha mtoto wa tatu hakosi sababu ya kupimwa damu.

La pili ni panja. Huo ni mkono wa chuma wa msusi wako. Unywele ukivutwa mwaka baada ya mwaka, shina lake huchoka. Ukiacha mapema, huota. Ukiendelea, mahali pale hufa. Kichwa kikikuwanga baada ya kusukwa, hicho si kipimo cha usukaji mzuri, fumua siku hiyo hiyo. Na kama una binti, tafadhali usimpeleke kwa huyo huyo. Wewe ulianza darasa la tatu. Unaona mwisho wake.

La tatu ni utosi. Mapunye nayo huacha viraka, lakini hayo kwa kawaida ni ya watoto na huwa na magamba. Wewe unasema ngozi inang'aa na inachonyota. Upo ugonjwa unaoanzia utosini ukatanuka kwa duara, unaowashika zaidi wanawake weusi, ambao madaktari wa ngozi wanaufupisha kwa herufi CCCA. Mimi sikuoni, wala si daktari, kwa hiyo sisemi ndio huo. Nasema tu kwamba ugonjwa wa namna hiyo huacha kovu, na penye kovu unywele hauoti tena, upake mafuta ya nyonyo, upake maji ya kitunguu, upake habasoda ya kutoka Maka. Dawa za kupaka, za kumeza na za sindano zipo, lakini kazi yake ni kuuzuia usitanuke. Ndiyo maana kila mwezi unaoupitisha chini ya kilemba una gharama yake. Sarafu ya shilingi 20 ikishakuwa kisahani cha kahawa hairudi kuwa sarafu.

Basi safari ya kwanza si ya dukani. Nenda kituo cha afya hapo hapo Tiwi, umwonyeshe tabibu utosi wenyewe, vua kila kitu, umwambie maneno haya mawili: unang'aa na unachonyota. Mwombe vipimo vya damu, na mwombe barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi. Wakikuambia Msambweni, nenda Msambweni. Wakikuambia Mombasa, vuka. Usikubali kurudi nyumbani na chupa ya mafuta peke yake.

Sasa dadako na laana yake. Hakubuni. Hadithi ipo katika Bukhari na Muslim, na kisa chake kitakusisimua: mama mmoja alimwendea Mtume (SAW) kwa ajili ya binti yake aliyeugua nywele zikamtoka, naye ni bibi harusi, akauliza kama anaweza kumuunganishia. Akakatazwa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba jambo hili halina msingi katika dini, huyo naye usimsikilize.

Lakini wanachuoni hawakuishia hapo. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu ukanda huu, Imam Nawawi ameyapambanua: nywele za binadamu ni haramu bila mjadala, ama nywele tohara zisizo za binadamu, kwa mwanamke mwenye mume, kauli iliyopewa nguvu ni kuwa zinajuzu mumewe akiridhia. Katika wa zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia alitenganisha anayetaka kujipamba na aliyeota kipara akataka kuondoa aibu ya maradhi. Wenye kulegeza hukumbusha habari ya sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani akaweka ya fedha, ikanuka, akaruhusiwa kuweka ya dhahabu. Wapo wanaokaza pia, na hoja yao kubwa ni kwamba wigi ni udanganyifu. Mimi nimekutajia tu mlango ulipo. Wa kuubisha ni wewe, kwa imamu wa mtaani kwenu, na ukienda usimuulize "wigi inafaa?" Mwambie una maradhi ya kichwa, unataka ya nyuzi na si ya nywele za mtu, na mume wako anajua. Swali likiulizwa nusu, jibu nalo litakuja nusu.

Umeliona hilo la mume? Anatakiwa ajue. Nitalifikia.

Pana jambo la udhu ambalo muuza wigi hatakuambia. Wigi zinazotamba siku hizi ni zile zenye lesi mbele, zinazobandikwa kwa gundi kwenye kipaji ili ukingo usionekane. Hizo hukaa wiki mbili, tatu. Sasa kipaji ni uso, na uso unaoshwa. Gundi huzuia maji. Kichwa chatakiwa kipakwe maji, na kwa Shafi hata sehemu yake yatosha, lakini kiwe kichwa au nywele zako, si nyuzi za plastiki. Josho ndilo zito zaidi, maana maji yafike ngozini. Mwanamke mwenye mume anayerudi Ijumaa ataishi vipi na wigi ya gundi? Na kama ungekuwa Mkristo wa Ng'ombeni ningekuambia vile vile ya gundi uiache, kwa sababu kila inapobanduliwa inaondoka na vinywele vya panja, vile vile unavyovililia.

Ya kushonea pia hapana. Chini yake lazima usukwe mistari, tena ikaze, ndipo sindano ishike. Huko ni kumrudia yule mwenye mkono wa chuma kwa mlango wa nyuma. Kile kipande cha utosini chenye klipu kinafaa kwa mwenye nywele imara pembeni. Zako hazina nguvu ya kubeba kitu.

Inayobaki ni wigi ya kofia: unavaa ukitaka, unavua ukitaka. Neno lenyewe wigi lilitufikia likiwa na heshima, majaji wetu walivaa za nywele za farasi miaka na miaka hadi Willy Mutunga alipokuwa Jaji Mkuu, mwaka 2011, zikawekwa kando. Nao hawakuzigandisha kwa gundi. Kesi ikiahirishwa, wigi mezani.

Chukua ya nyuzi. Wauzaji watakusukumia ya nywele za binadamu kwa sababu faida iko huko. Bei yake inaingia makumi ya maelfu, na Imam Nawawi keshakukataza. Ya nyuzi ni elfu chache tu. Ukiivaa kila siku itakutosha kama miezi minne hadi sita kabla haijaanza kufungana nyuma ya shingo. Kabla ya kwenda, chukua utepe wa fundi cherehani ujipime: anzia kwenye kipaji pale nywele zilipokuwa zinaanzia zamani, pita juu ya sikio, zunguka kisogoni, rudi. Ukipata baina ya sentimita 54 na 57, saizi ya kati itakukaa. Chagua fupi, ya kufika kidevuni au mabegani, isiyo nene. Najua macho yatavutwa na ile ya kufika kiunoni. Ile ni nzito, inarudi nyuma kila ukiinama, na kwa joto la Tiwi utadhani umevaa paka. Rangi iwe nyeusi au kahawia iliyokoza, basi. Ukienda nayo harusini wanawake watajua au hawatajua, lakini ya rangi ya dhahabu watajua wote.

Ukishainunua, igeuze ndani. Utakuta vichana vidogo vya chuma vimeshonwa pembeni. Vikate. Vimewekwa vishike nywele, na vitashika hizo chache zako vizing'oe. Badala yake mpe fundi kipande cha mahameli, upana wa vidole viwili, akishone kuzunguka ukingo wa ndani pamoja na lastiki ya kurekebisha. Mahameli hung'ang'ania kichwa bila kuvuta. Dakika kumi za cherehani. Chini vaa kofia nyembamba ya pamba inywe jasho, na nywele zako ziache zimelegea, au misuko minene mitatu minne isiyokaza. Ukifika nyumbani, vua. Usilale nayo hata siku moja.

Na uivue kabla ya kuingia jikoni, mwanangu. Hili silisemi kwa kusoma. Mwaka mmoja nilikuwa na wigi nzuri ya nyuzi, ina shungi la mbele, nimeinunua kwa ajili ya Idi. Alfajiri nikasema nikaange mahamri mara moja wageni hawajafika. Nikainama kwenye karai kugeuza. Sikuhisi kitu, moshi wala moto. Nilipojitazama kwenye kioo shungi lote limejikunja juu, limeganda kama nywele za mwanasesere aliyesahauliwa juani. Mvuke tu wa mafuta. Nyuzi zile ni plastiki, hazijui sikukuu. Nikapokea wageni kwa mtandio, na mahamri, kwa kweli, yalikuwa mazuri.

Kuiosha: maji baridi, shampuu kidogo, usisugue wala usikamue, iweke juu ya kopo lililopinduliwa ikauke kivulini. Visima vya Tiwi vinanywesha hadi Likoni, lakini kama cha kwenu kina chumvi, suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua. Chumvi huacha ukungu mweupe kwenye nyuzi nyeusi. Baharini usiingie nayo. Na siku ukivuka feri kwenda kwa daktari, mtandio uwe juu na ufungwe. Upepo wa pale kivukoni hauna adabu.

Sasa mumeo.

Unadhani hajui? Mtu analala kando yako, watoto watatu, halafu asijue kwamba kilemba hakivuliwi? Anajua kuna kitu. Asichokijua ni kitu gani, na mwanamume asiyejua hujijazia mwenyewe: labda amenichoka, labda ameapizwa, labda kuna mtu. Wewe unamficha kiraka cha sarafu, yeye anaona ukuta. Na sasa unataka kuleta wigi ndani ya nyumba hiyo hiyo, ili badala ya kilemba ulale na nini? Wigi ambayo mumeo hajui kwamba ni wigi ni kazi ya usiku na mchana. Utaamka kabla yake, utaoga ukiwa umefunga komeo, utaogopa hata mkono wake kichwani. Hayo ndiyo wanachuoni waliyaita udanganyifu, na wala huhitaji kitabu kuona kwamba yatakutesa wewe kwanza.

Mwambie Ijumaa hii, akishakunywa chai, watoto wakiwa nje. Usianze kwa kulia. Vua kilemba, inamisha kichwa, shika kidole chake ukiweke pale, useme: "Hapa panachonyota, nywele zimetoka, nataka tuende hospitali." Halafu nyamaza, mwache atazame. Akisikitika, vizuri. Akitania, mvumilie, wengine hutania wakiogopa. La wigi mwambie baadaye, usiku au kesho yake, na mwache akusaidie kuchagua. Wanaume hupenda kuulizwa rangi, hata kama hawaijui.

Hayo yakitokea, utaona haja ya wigi yenyewe imepungua. Itakuwa ya siku ya wanawake, ya Idi, ya siku unayotaka kujiona vile ulivyokuwa. Siku nyingine nyumbani utakaa na kichwa chako. Waweza hata kuzipunguza zote ziwe fupi, panja zisipingane na sehemu nyingine. Mbunge wa Marekani Ayanna Pressley alikuwa akijulikana kwa misuko yake; Januari 2020 alijitokeza hadharani na kichwa kitupu, akaeleza kwamba maradhi yamemnyonyoa. Mara nyingine huvaa wigi akitaka. Simtaji ili umuige, wewe una mtandio wako na mila yako. Namtaja kwa sababu alikaa muda akificha, na alisema anataka kuwa huru na siri hiyo na aibu yake.

Harusi ni mwezi ujao, muda unatosha. Jumatatu nenda kituo cha afya kabla hujatia mguu duka lolote la Ukunda. Siku ya wanawake vaa wigi yako fupi, tia asumini ukitaka, lakini kaa mbali na jiko. Huyo mwenye piko mwambie Shangazi amekataa. Na daktari akishakuona, niandikie alichosema. Barua yako nitaifungua kwanza.